Msitu wa matunda wa kijiji usiwe yatima

MIKOA ya Iringa na Mbeya, pamoja na Njombe na Songwe iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012 na 2016, haina sifa ya njaa. Mahindi, mpunga, viazi, maharage, ndizi na parachichi hutoka huko kila msimu kwenda Dar es Salaam na nje ya nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa. Njombe ilikuwa asilimia 50. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Kinachotia uchungu zaidi ni kwamba katika utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 Iringa ilikuwa na asilimia 42. Badala ya kushuka, imepanda. Ghala limejaa, mtoto amedumaa.

Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi, maji yasiyo salama na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu ya kazi za shamba. Lakini sababu mojawapo inaonekana kwenye sahani. Asubuhi uji wa mahindi, mchana ugali, jioni ugali. Tunda ni kitu cha kupeleka gulioni, au cha watoto kujiokotea wenyewe njiani.

Ndiyo maana tunaunga mkono wazo la vijiji kuwa na misitu ya matunda. Kwa maneno mepesi, huu ni msitu uliopandwa kwenye ardhi ya kijiji, ambamo juu kuna miti mirefu ya matunda kama parachichi na miembe, katikati kuna migomba, mipera na mipapai, chini kuna kahawa, magimbi au maharage, na pesheni hupanda juu ya miti. Kijiji kinapata chakula, bidhaa ya kuuza, kivuli na udongo usiosombwa na mvua.

Wazo lenyewe si geni. Rungwe wamechanganya migomba, kahawa na miti ya matunda kuzunguka nyumba zao kwa miaka mingi. Kyela kokoa hukua chini ya kivuli cha miti mingine. Kule Kilimanjaro, kihamba cha Wachagga cha Shimbwe Juu kilitambuliwa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Lakini kabla kijiji hakijaagiza mche hata mmoja, kuna swali ambalo lazima lijibiwe. Mti huu utakuwa wa nani?

Wazee wa Iringa wanakumbuka mwaka 1972, pale tamko la Siasa ni Kilimo lilipotolewa mjini mwao. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa na mashamba ya pamoja. Nia ilikuwa njema, lakini katika vijiji vingi shamba la pamoja lilipaliliwa mwisho, baada ya mashamba ya nyumbani, na mavuno yake yakawa haba. Wananchi hawakuwa wavivu. Aliyelima sana na aliyelima kidogo hawakuona tofauti wakati wa mavuno, na mtu hawezi kujitoa kwa muda mrefu kwa hali hiyo. Msitu wa matunda ukianzishwa kwa mtindo huo huo utakufa kifo kile kile, tena haraka zaidi, kwa sababu mti unahitaji kutunzwa miaka mitatu kabla haujamlipa mtu chochote.

Tupige hesabu ndogo. Kijiji kinatenga ekari 5 na kupanda miti kwa nafasi ya mita 8 kwa 8. Ekari moja huchukua miti kama 63, kwa hiyo ekari 5 ni miti 315. Sehemu kubwa ya mikoa hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi mitano au sita. Kila mche ukipewa ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, zinahitajika ndoo 315 kila wiki. Kazi hiyo ikiachiwa kamati ya watu saba, kila mjumbe atabeba ndoo 45 kwa wiki, bila malipo. Hakuna kamati itakayofika Agosti.

Lakini miti hiyo hiyo ikigawiwa kaya 105, kila kaya itapata miti mitatu na kubeba ndoo tatu tu kwa wiki. Kazi iliyowashinda watu saba inakuwa nyepesi. Tofauti haiko kwenye mbegu wala mbolea. Iko kwenye mgawanyo.

Hilo ndilo somo la kihamba. Kihamba kina mwenyewe, ni mali ya familia na hurithiwa. Kilichokuwa cha pamoja ni mifereji ya maji, nayo ilikuwa na zamu na adhabu kwa mtega kazi. Huko pwani na visiwani nako tangu zamani mtu ameweza kumiliki mnazi au mkarafuu uliosimama kwenye ardhi ya mwingine. Ardhi ni kitu kimoja, mti ni kitu kingine. Vijiji vyetu vinaweza kufanya vivyo hivyo, ardhi ibaki ya kijiji, lakini kila mti uwe na namba na kaya inayoutunza.

Sheria inaruhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaitaka Halmashauri ya Kijiji ipate idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya kugawa ardhi. Kijiji pia kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Tunashauri sheria ndogo hizo zijibu mambo manne bila kuzunguka.

Kwanza, nani anatunza mti upi, na anayeshindwa ananyang'anywa baada ya muda gani. Pili, mavuno yanagawanywaje. Kaya inayotunza ipate sehemu kubwa, shule ipate yake kwa ajili ya chakula cha mchana, na mfuko wa kijiji upate kiasi cha kununulia miche mingine. Tunda lililoanguka liwe halali ya mtoto yeyote apitaye, na jambo hilo liandikwe. Tatu, mifugo. Baada ya mavuno ya mahindi ng'ombe na mbuzi huachiwa kuzurura, na mbuzi mmoja kwa asubuhi moja anaweza kumaliza kazi ya mwaka. Faini ijulikane, na imhusu mwenyekiti wa kijiji kama inavyomhusu mwananchi wa kawaida. Nne, moto. Pasipo na eneo lililosafishwa kuzunguka msitu kabla ya Agosti, moto wa kusafisha shamba la jirani utahitimisha mjadala wote.

Tunaongeza la tano. Akina mama ndio wanaobeba ndoo. Namba ya mti iandikwe kwa jina la mume na mke, na mjane asipoteze mti wake kwa sababu mume amefariki.

Jambo linalofuata ni uchaguzi wa matunda. Kosa linalorudiwa ni kupanda kile kinachosifiwa redioni bila kuangalia mwinuko. Kyela iko kwenye mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari. Pale miembe, michungwa, mipapai, mifenesi na kokoa viko nyumbani. Pawaga na Idodi nako ni joto, lakini bila maji ya mfereji msijidanganye. Tukuyu, kwenye mita 1,500 hivi na mvua nyingi, ni mahali pa parachichi, migomba na pesheni. Ukipanda hadi Mafinga, karibu mita 1,900, baridi ya Juni na Julai huunguza majani machanga. Huko fikirieni matufaa, peasi, plamu na magogwe, na parachichi zipandwe mteremkoni, si bondeni ambako baridi hutuama. Mwembe Mafinga ni hasara. Kuna pia matunda yetu ya porini, kama mikusu na mitonga. Hayo hayahitaji kununuliwa miche. Yanahitaji kutokatwa kwa ajili ya mkaa.

Tunajua wengi watauliza kwa nini wasipande Hass peke yake, maana ndiyo yenye soko. Hatupingi Hass. Imejenga nyumba na kusomesha watoto Rungwe na Njombe. Lakini kila mti wa Hass duniani umetokana kwa kubebesha na mti mmoja wa huko California, uliosajiliwa na mwenyewe mwaka 1935. Ni mti mmoja uliorudiwa mara mamilioni. Ugonjwa utakaouweza mmoja utaiweza yote, na bei ikianguka itaanguka kwa wote siku moja. Mkulima mwenye shamba lake anaweza kubeba hatari hiyo akitaka. Ardhi ya kijiji kizima haifai kuchezewa hivyo.

Hata hivyo, tuseme ukweli kwa upande wa pili. Msitu mchanganyiko hutoa kidogo cha kila kitu, na mfanyabiashara mwenye Fuso hafuati matenga matano. Dawa yake ni vijiji vya kata moja kukubaliana tunda moja au mawili ya biashara ambayo wote watakuwa nayo kwa wingi, ili gari lijae kwa siku moja. Mengine yawe ya kula, ya gulio la jirani na ya kukausha. Wauze kwa mizani, si kwa tenga lililojazwa kichuguu mithili ya lumbesa. Wala wasikubali kuchuma parachichi changa kwa sababu mnunuzi ana haraka. Parachichi iliyochumwa changa haiivi, hunyauka, na anayeharibikiwa jina ni kijiji.

Kwa wafanyabiashara wadogo tunasema kuna nafasi pia. Miche iliyobebeshwa vizuri bado ni shida vijijini. Kijana mwenye kitalu na kisu chenye makali anaweza kupata kipato kabla tunda la kwanza halijaiva.

Kwa halmashauri za wilaya, tunaomba zisiridhike na kuhesabu miche iliyogawiwa. Mche unaopandwa kwa sherehe mwezi Machi au Aprili unakutana na kiangazi ukiwa na wiki chache tu ardhini. Pandeni Desemba na Januari, kisha mrudi kuhesabu iliyo hai mwezi Oktoba. Hesabu ya Oktoba ndiyo ya kweli.

Na kwa vijiji, tunashauri visianze na kitalu. Vianze na mkutano, wakati wa kiangazi ambapo watu wana nafasi, miezi mingi kabla ya mvua za Novemba. Mahali ambapo wananchi watashindwa kukubaliana mti ni wa nani, ni afadhali wasipande kabisa kuliko kupanda yatima. Mahali watakapokubaliana, mtoto aliyezaliwa mwaka wa kupanda atakuwa anachuma kabla hajaanza darasa la kwanza.

Mkutano kwanza, miche baadaye.