Bei ya dagaa huanzia kilindini

Kila mfanyabiashara wa dagaa anayevuka Ziwa Tanganyika anayajua mambo yanayopandisha bei: mafuta ya boti, ushuru, faranga kupanda au kushuka mbele ya shilingi, na mbalamwezi inayowafanya wavuvi wa taa wabaki nchi kavu. Lipo jambo moja ambalo haliingii katika daftari la hesabu, nalo linatawala mengine yote. Jambo hilo ni uzito wa maji.

Tunalizungumzia leo kwa sababu ya kufungwa kwa ziwa. Desemba 2021 nchi nne zinazolizunguka, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini makubaliano ya hatua za pamoja za kulinda samaki. Kutokana nayo umekuja utaratibu wa kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15. Upande wa Tanzania ulifungwa kwa tarehe hizo mwaka 2024. Tangu hapo kuna swali linalorudi kila mahali, Kibirizi na Katonga, Rumonge, Uvira, Kalemie hadi Mpulungu: ziwa kubwa namna hii linaishiwaje samaki?

Swali ni la haki. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina. Karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, yamo humu. Mtu akitazama maji hayo kutoka gatini ni vigumu kuamini kwamba yanaweza kupungukiwa na kitu.

Lakini ukubwa huo unadanganya. Samaki hawaishi katika ziwa lote. Hewa ya oksijeni inashuka mita kama 100 tu upande wa kaskazini, na mita 200 na kitu upande wa kusini. Chini ya hapo maji ni safi kwa macho, ila hayana pumzi, na dagaa au mgebuka akizama huko hawezi kuishi. Biashara yetu yote, kutoka Bujumbura hadi Mpulungu, inategemea tabaka jembamba la juu.

Tabaka hilo limekaa juu kwa sababu ya tabia ya maji yenyewe. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na joto la nyuzi 4. Yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, na mepesi hukaa juu ya mazito, kama mafuta ya mawese yanavyoelea juu ya mchuzi. Katika Tanganyika maji ya juu yana nyuzi kama 26 na ya kilindini nyuzi 23 na nusu. Mtu atasema tofauti ya nyuzi mbili na nusu ni ndogo. Katika maji ya vuguvugu si ndogo hata kidogo: inaleta tofauti ya gramu kama 600 katika kila tani ya maji. Tofauti hiyo hiyo ya joto ikiwa kati ya nyuzi 4 na 6 na nusu, kama katika maziwa ya nchi za baridi, huleta gramu 50 hivi tu. Ndiyo maana maziwa mengi ya huko hujichanganya yenyewe majira ya baridi yanapoingia au kutoka, na letu halijichanganyi hadi chini.

Sasa tazama hasara yake. Kila kiumbe kinachokufa ziwani huzama, na mbolea yake huzama nacho. Kwa hiyo kilindi cha Tanganyika ni ghala lililojaa chakula ambalo ufunguo wake haupatikani kirahisi. Juu, kwenye mwanga, kuna vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo vinahitaji mbolea hiyo ili vikue. Vijimea huliwa na wadudu wadogo wa majini, wadudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na mgebuka. Ghala lisipofunguliwa, mnyororo wote unakonda, na mwisho wake ni ndoo ya dagaa iliyopanda bei sokoni.

Anayelifungua ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo kutoka kusini mashariki, ambao watu wa pwani huuita kusi, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Tabaka la vuguvugu linarundikana upande wa Burundi na Uvira, na kule Zambia maji ya chini yanapanda yakiwa yamebeba mbolea. Upepo ukitulia, tabaka lililoinama hurudi likiyumba kama maji kwenye karai lililosukumwa, na kaskazini nako hupata sehemu yake. Mpulungu na Bujumbura hazionani, lakini zinakula kutoka mkono mmoja.

Mkono huo umeanza kudhoofika. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba maji ya ziwa hili yamepata joto katika karne ya 20, na kwamba upepo nao umepungua nguvu. Maji ya juu yakizidi joto yanazidi wepesi, na upepo unahitaji nguvu kubwa zaidi kuyachanganya na yaliyo chini. Walikadiria kuwa ukuaji wa vijimea umeshuka kwa asilimia kama 20, jambo ambalo linaweza kuwa limepunguza samaki kwa asilimia kama 30. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliosoma mabaki ya samaki katika matope ya chini ya ziwa, ulionyesha kwamba kupungua kulianza hata kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujashika kasi katikati ya karne iliyopita.

Wapo watakaoyapokea maneno hayo kwa furaha: kumbe kosa si la mvuvi, basi tuachwe tuvue. Hapo hatukubaliani nao. Chungu kikipungua, upawa nao hupunguzwa. Ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kuvumilia nyavu zile zile, achilia mbali nyavu zilizoongezeka. Dagaa wetu huishi mwaka mmoja hivi. Miezi mitatu kwake ni robo ya maisha, muda wa kutosha wa kukua na kutaga. Ukimwacha kwa muda huo unakuta mali. Kupumzisha ziwa hakutaleta upepo wala kupoza maji, lakini ndicho kitu kilicho ndani ya uwezo wetu.

Hata hivyo, kufunga kuna maana kama wote wanafunga. Maji yanayoyumba kutoka Zambia hadi Burundi hayasimami mpakani, na makundi ya dagaa yanayoyafuata hayasimami pia. Kwa eneo, Kongo ina asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukiacha wazi, aliyefunga anakuwa amemfugia jirani. Halafu anayeumia kwanza ni mfanyabiashara mwaminifu: meza yake imekaa tupu, na mwenzake anauza mzigo uliovushwa usiku.

Chombo cha kusimamia jambo hili kipo. Mkataba wa ziwa ulitiwa saini mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Tena tukumbuke kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Zambia haimo. Kwa hiyo suala hili haliwezi kumalizwa Arusha peke yake. Lazima liamuliwe na wote wanne mezani, na Zambia isiwe mgeni wa kupewa taarifa, maana kule kusini ndiko ghala linakofunguka kwanza.

Tunazitaka serikali nne zifanye mambo matatu. La kwanza, tarehe ziwe moja kwa wote na zitangazwe miezi mingi kabla, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za mwambao. Mama aliyechukua mkopo wa kikundi Februari anatakiwa ajue kama Juni atakuwa na mzigo. La pili, miezi ya kufunga isiwe miezi ya kudai ushuru wa meza na kodi ya soko kwa mtu ambaye serikali yenyewe imemzuia kuuza. La tatu, fedha zielekezwe kwenye vichanja vya kukaushia na maghala yenye ubaridi. Dagaa wanaoanikwa mchangani huharibika mvua ikinyesha, na kila gunia linaloozea mwaloni ni samaki aliyevuliwa bure. Ziwa likitoa kidogo, kipato kinaweza kulindwa kwa kuzuia upotevu.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao, na hatutaificha. Dagaa mchanga haendi sokoni bila mnunuzi. Mzigo unaovushwa katikati ya Juni hauna thamani kama hakuna anayeupokea ng'ambo. Vyama vya wafanyabiashara wa Kigoma, Rumonge, Uvira, Kalemie na Mpulungu vinajuana, na viongozi wake wana namba za simu za wenzao. Vikiamua kwa pamoja kutopokea mzigo wa wakati wa kufunga, agizo hilo litakuwa na nguvu kuliko boti za doria. Na vikiamua hivyo, vitakuwa na haki ya kukaa katika vikao vinavyopanga tarehe, jambo ambalo tunaliunga mkono kwa moyo wote.

Dagaa wa Kigoma, ndagala wa Bujumbura na kapenta wa Mpulungu ni samaki mmoja aliyepewa majina mengi. Anaishi katika tabaka jembamba la maji mepesi juu ya kilindi kisicho na pumzi, akisubiri upepo umletee chakula. Mei ijayo upepo utavuma tena kutoka kusini. Utakapovuma, pwani zote nne ziwe zimefunga kwa siku moja, ili Agosti zifungue kwa siku moja.