Aendaye Ugenini, Arudi na Nini?



Wazee wetu walituachia mithali mbili ambazo, ukizisikia pamoja, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Ya pili yasema: Mwacha mila ni mtumwa. Mzazi ambaye mtoto wake yuko ng'ambo azijua zote mbili. Asubuhi humwombea mwanawe apatane na watu wa huko. Jioni huogopa asije akarudi mtu mwingine. Leo tuipime hofu hiyo. Na ili tusiwahukumu jirani zetu, tuchukue mfano wa mbali: nchi ya Thailand katika Asia, ambayo zamani iliitwa Siam.

Wageni wengi, hasa watu wa Ulaya, wamefanya maskani yao huko miaka na miaka. Wathai huwaita farang. Wengi wao walifika wakidhani kwamba watabaki kama walivyo, ila jua tu litakuwa kali zaidi. Sivyo ilivyokuwa.

Kinachobadilika kwanza ni miguu na mikono. Hakuna aingiaye na viatu katika nyumba ya Mthai, huachwa mlangoni. Mguu ni kiungo cha chini, na kichwa ni kiungo cha heshima kuu. Kwa hiyo kumwelekezea mtu nyayo ni kumdharau, na kumshika mtu kichwani, hata kwa upendo, ni kumkosea. Tena, badala ya kushikana mikono, Wathai huunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Salamu hiyo huitwa wai. Mdogo hutangulia kumsalimu mkubwa, na kadiri mtu anavyostahili heshima, ndivyo viganja vinavyopanda juu. Mwaka wa kwanza mgeni hufanya hayo kwa kujikaza. Baada ya miaka kumi huyafanya bila kufikiri. Na akirudi kwao kuwaona ndugu zake, hujikuta akimwinamia mwenye duka na kuvua viatu mlangoni, watu wakimshangaa.

Halafu hubadilika meza na maneno. Wali huwa katika sahani ya kila mtu, bali vitoweo huwekwa katikati, na kila mmoja huchota kidogo akiwafikiri wenzake. Salamu ya kawaida ni kuulizana: Umekwisha kula? Wathai huitana phi, maana yake mkubwa wangu, au nong, maana yake mdogo wangu, hata kama si wa tumbo moja. Ndiyo sababu humwuliza mgeni umri wake siku ile ile ya kwanza. Mzungu huudhika kwa swali hilo; baadaye hufahamu kwamba watafuta tu mahali pake katika jamaa. Kwetu hayo si mageni. Nani kati yetu aliyelelewa vema amwitaye mkubwa wake kwa jina tupu? Nani ampaye mzee kitu kwa mkono mmoja kana kwamba amtupia? Wathai nao hutoa kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukiushikilia.

Mwisho, tena polepole sana, hubadilika moyo. Wathai husifu jai yen, yaani moyo wa baridi. Mtu apigaye kelele mbele ya wengine, hata kama ana haki, amejivunjia heshima. Mgeni aliyezoea kufoka katika ofisi aona kwamba kufoka hakumpatii kitu, ila nyuso zilizofungwa. Basi ajifunza kungoja, kutabasamu, na kusema mai pen rai, maana yake: Si neno.

Je, yote hayo ni faida? La, tuseme kweli. Moyo wa baridi waweza kugeuka kuwa woga wa kusema neno la haki, mtu akinyamaza mbele ya uovu ili asiharibu amani. Tena kuna wageni wabadilikao kwa namna ya kusikitisha. Hao hawajifunzi lugha wala adabu ya wenyeji. Hukaa wao kwa wao, na kwa kuwa wako mbali na wazazi, mke na paroko, hujipa ruhusa ya ulevi na uasherati. Kisha husema: Ndivyo nchi hii ilivyo. Sivyo! Mila ya Wathai haikuwafundisha hayo. Hawakufuata mila ya wenyeji. Waliacha yao tu, wakabaki bila mila yo yote.

Kanisa lilikutana na swali hili zamani. Mwaka 1659 Roma iliwaagiza maaskofu wa kwanza waliotumwa pande zile wasiwalazimishe watu kuacha desturi zao, isipokuwa zile zilizo kinyume cha dini na maadili, wala wasiwapelekee Ulaya badala ya imani. Katika karne ya 19 Askofu Jean-Baptiste Pallegoix, Mfaransa, alijifunza lugha ya Siam hata akaitungia kamusi iliyochapwa mwaka 1854. Alimfundisha Kilatini Mongkut, aliyekuwa bado mtawa wa Kibuddha, naye Mongkut alimfundisha mambo ya kwao. Lakini mpaka ulikuwapo. Mwaka 1849, wakati wa kipindupindu, mfalme alidai wamisionari watoe wanyama kwa tendo la ibada ya nchi. Wanane walikataa kwa ajili ya dhamiri, wakafukuzwa. Mongkut alipopata ufalme mwaka 1851 aliwafungulia mlango warudi. Waliheshimiwa kwa yale waliyoyapokea, wakaheshimiwa pia kwa lile walilolikataa.

Karibu na siku zetu, Novemba 2019, Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alimtembelea mkuu wa watawa wa Kibuddha katika hekalu la Bangkok, akavua viatu vyake kama wenyeji. Mkalimani wake katika safari hiyo alikuwa Sista Ana Rosa Sivori, Msalesiani wa Argentina na binamu yake, aliyekuwa amekaa Thailand zaidi ya miaka 50. Kuvua viatu hakukumpunguzia Papa imani. Na yule Sista, katika nchi ambamo Wakatoliki hawafiki hata mmoja katika kila watu mia, alijifunza lugha ya watu bila kuacha nadhiri zake.

Basi mithali zetu hazigombani. Ya kwanza yahusu adabu: jicho hufumbwa kwa heshima ya mwenyeji, halitobolewi. Ya pili yahusu asili: yale ambayo mtu akiyaacha hajui tena yeye ni nani.

Enyi wazazi, mtoto wenu akirudi kutoka ng'ambo, msimhukumu kwa mavazi wala kwa chakula alichozoea. Mtazameni kwa maswali mawili. Je, awaheshimu watu kuliko zamani, mtumishi sawasawa na mkubwa? Na je, yale aliyokuwa akiyafanya huko, angeweza kuyafanya mbele ya mama yake? Akijibu vema, mpokeeni kwa furaha, hata kama bugali imekuwa ngumu kooni mwake kwa siku chache. Nanyi vijana mnaojiandaa kusafiri, jifunzeni kwanza kusalimu vema hapa nyumbani. Asiyejua kumheshimu baba yake, ugenini atamheshimu nani?