Pima Mishale Kabla Ununue Upinde

Wasee, nikiskia mtu akisema mshale umeenda kombo juu upinde wake ni wa bei rahisi, nacheka tu. Nilikuwa hivyo hivyo. Miezi minne nikiweka pesa ya upinde mpya, hadi siku moja hapa Machakos nikaweka mishale yangu sita kwa mizani ya jikoni ya mathe. Mmoja ulizidi mwenzake gramu nne! Halafu manyoya: mengine ya bawa la kulia, mengine la kushoto, kila mshale unazunguka vyake. Upinde ungefanya nini hapo?

Olimpiki unalenga mita 70, na duara la pointi kumi lina upana wa sentimita 12.2. Huko ndiko Shehzana Anwar, aliyetubebea bendera Rio 2016, alishindana. Hata wale wa bunduki Marekani wanaojaza risasi upya hupima maganda moja moja, wanayakata yatoshane urefu.

Babu alinyoosha mshale kwa moto, akafumba jicho moja, ukipinda anautupa. Sisi tunatupa upinde.

Pesa yangu bado iko. Nimenunua vijiti kumi na viwili tu, na baada ya kupima nimebaki na saba.