Urea si dawa ya kuchanusha maua

Hapa Viwanja Sitini, Ifakara, wako akina mama na vijana wanaojipatia riziki kwa kuotesha na kuuza miche ya maua. Baadhi yao, ua likichelewa kuchanua, hukimbilia urea, kwa kuwa ndiyo mbolea tuliyoizoea katika mashamba ya mpunga. Matokeo yake ni mawaridi yenye majani tele lakini yasiyo na ua hata moja. Mnunuzi huona amedanganywa, na muuzaji hupoteza mteja.

Ndugu Mhariri, jambo hili halina uchawi. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50, na haina fosforasi wala potasiamu. Kazi kubwa ya naitrojeni ni kukuza majani na mashina. Ikizidi, mmea huendelea kurefuka badala ya kutoa vitumba. Mashina huwa laini na kuvutia vidukari. Katika kopo dogo, konzi moja ya urea yatosha kuunguza mizizi. Mkulima wa mpunga anaifahamu hali hii: mpunga uliozidishiwa urea hupendeza macho, kisha hulala chini kabla ya kuvunwa.

Sisemi mbolea ya chumvichumvi iachwe. Mche ukikosa naitrojeni, majani ya chini hugeuka manjano na mmea hudumaa. Ninalosisitiza ni kipimo. Mimi uani kwangu hutumia samadi iliyooza vizuri. Ikibidi urea, kijiko kimoja cha chai katika maji lita 10. Vitumba vikianza kuonekana, naisimamisha.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, wenye maduka wanaopima urea kwa kopo wamweleze mnunuzi kazi yake na kiasi chake. Pili, maafisa ugani wetu wanapofundisha kilimo cha mpunga, wawakumbuke pia waotesha maua, kwani nao ni wakulima. Serikali ilipotoa ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/2023, shabaha ilikuwa kuongeza mavuno. Kuimwaga mahali isipohitajika ni kupoteza fedha za wananchi.

Mpenda Maua,
Viwanja Sitini,
IFAKARA.