Dola 800 za Familia ya Gordy
Januari 1959, Berry Gordy, kijana Mweusi wa Detroit aliyewahi kuwa kibarua kwenye kiwanda cha magari, alikopa dola 800 kwenye mfuko wa akiba uliochangwa na ndugu zake, ili aanzishe kampuni ya muziki iliyokuja kuitwa Motown. Mwaka huohuo akapata nyumba ya kawaida mtaa wa West Grand Boulevard: ghorofani akaishi na familia, chini akafungua ofisi, na banda la nyuma, lililokuwa studio ya mpiga picha, likawa chumba cha kurekodia. Utaratibu aliouona kiwandani akauhamishia kwenye muziki. Ijumaa kulikuwa na kikao cha kusikiliza nyimbo mpya na kuzipigia kura, na wimbo dhaifu haukutoka, hata uwe wa nani. Humo wakakulia Smokey Robinson, the Supremes na Stevie Wonder, aliyesajiliwa akiwa na miaka 11 tu. Hata hivyo, sifa hizo hazifuti dhuluma moja: wapiga ala wa nyumba hiyo, Funk Brothers, hawakutajwa kwenye majalada ya santuri za Motown mpaka 1971, ilipotoka What's Going On ya Marvin Gaye. Na kwa kijana anayeanzisha studio mjini leo, la kuchunguza zaidi ni Jobete, kampuni ya Gordy iliyomiliki haki za utunzi. Alipoiuza Motown mwaka 1988 kwa dola milioni 61, Jobete hakuigusa. Mwaka 1997 aliuza nusu yake tu, akalipwa dola milioni 132.