Ndururu za Mkebeni: Si Kila Kuukuu ni Mali

Tarehe 12 Novemba 2025, katika mji wa Philadelphia, Marekani ilipiga senti yake ya mwisho ya matumizi ya kila siku. Kuitengeneza senti moja kulikuwa kumefika gharama ya karibu senti nne, na serikali haikuona maana ya kuendelea na hasara hiyo. Tangu habari hizo zienee, nimewasikia watu wa Mwambao wakiulizana: jee, hizi ndururu na peni zilizomo mikebeni mwa bibi zetu, nazo si mali?

Swali hilo lina haki yake, kwani fedha ndogo ina historia ndefu kwetu. Sayyid Barghash alitoa pesa zake za shaba Unguja mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ikafuata pesa ya Mombasa ya 1888, ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, nayo ina mwaka wa Hijria 1306. Kisha zikaja senti za tundu, ambazo wazee wetu walizitunga uzini hadi Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966.

Walakini uzee peke yake si thamani. Chukua peni ya 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyu hakutimiza hata mwaka katika kiti, na kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni. Sisi tuliipata kwa kuwa tundu halikuacha nafasi ya kichwa cha mfalme, likatosha jina lake tu. Wengi huidhani ni hazina. Lakini zilipigwa kwa wingi mno, na iliyochakaa haina bei kubwa.

Basi thamani yapimwa kwa mambo matatu: uchache wake, hali yake, na wanaoitaka. Hali ndiyo mwenye nayo awezayo kuijua mwenyewe. Ishike kwa ukingo, uigeuze geuze mwangani. Tazama palipoinuka, kama vile taji na pembe za ndovu, kwani hapo ndipo panapolika mwanzo. Michirizi ikiwa ingaliko na herufi zi kali, hiyo ni njema. Tafuta pia herufi ndogo za kiwanda, H au KN. Huenda sarafu mbili za mwaka mmoja zikatofautiana bei kwa herufi hizo tu.

Adui mkubwa ni ukwaju. Watu huzisugua sarafu kwa ukwaju na majivu kama wasuguavyo sinia, zikang'aa. Mng'aro huo ni wa bure. Rangi ya uzee imeondoka, mikwaruzo imebaki, na mjuzi huiona mara moja akapunguza bei.

Kwa maoni yangu, shida kubwa zaidi ni uaminifu. Dini yetu yamtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa yake. Basi aliyeisugua sarafu na aseme. Na mnunuzi naye, akiona katika mkebe wa bibi kizee sarafu moja adimu, kisha akaununua mkebe mzima kwa bei ya shaba chakavu huku amenyamaza, ajiulize chumo lake ni la namna gani. Ama wale watangazao simuni kwamba watalipa mamilioni, ila utangulize ada, hao si wanunuzi.

Tusisahau za juzi. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu katika fedha zetu, na mwaka 2018 zikatoka sarafu za wanyama. Zile za Mzee Kenyatta za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kukizunguka kichwa chake, yaliongezwa 1969. Mwenye safi aiweke katika karatasi kavu, asiioshe, na aandike ilikotoka. Hata isipopata bei, wajukuu watajua babu zao walinunulia nini mkate.