Usiniombe barua ya kumwacha mtoto nyumbani

Mpenzi msomaji, muhula wa shule unapofika katikati, mimi hupokea wageni wa aina moja katika kliniki yangu huku magharibi mwa jiji la Nairobi. Mzazi huingia na mtoto ambaye siku hiyo hana homa wala kikohozi. Baada ya salamu, mzazi hutoa karatasi kutoka shuleni. Darasa linakwenda ziara mjini, na mwalimu ameagiza kwamba mtoto mwenye pumu, kifafa, au selimundu, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli, alete barua ya daktari ya kumruhusu abaki nyumbani. Mzazi naye, kwa hofu yake, ameafiki.

Nimetia sahihi barua nyingi za namna hiyo. Leo ningependa kukueleza kwa nini nimeacha.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja anayeishi Kawangware alinijia na bintiye wa Gredi ya 5 mwenye selimundu. Darasa lake lilikuwa linakwenda Nairobi Gallery kuangalia kazi za sanaa. Niliandika barua kwa dakika mbili, nikagonga mhuri, nikamwita mgonjwa mwingine. Mwezi uliofuata msichana yule alirudi kwa uchunguzi wake wa kawaida. Ili kumchangamsha, nilimuuliza wenzake waliona nini huko mjini. Alinitazama, kisha akajibu kwa adabu: "Sijui, daktari. Si ni wewe ulisema nisiende?"

Sikuwa na la kumjibu. Jioni hiyo nilijiuliza nilikuwa nimemkinga na hatari gani hasa.

Huenda wewe, msomaji, hupita karibu na Nairobi Gallery kila siku bila kuitambua. Ni lile jengo la kale la mawe lililo karibu na Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Lilijengwa mwaka wa 1913 na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo wakazi wa Nairobi walikoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Siku hizi ni jumba la sanaa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ndimo umewekwa mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, na mkewe Sheila. Murumbi, aliyefariki mwaka wa 1990, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya kazi za sanaa kutoka pembe nyingi za Afrika.

Si jengo kubwa. Halina mlima wa kupanda wala bwawa la kuogelea. Ukilinganisha na ziara ya kukwea Longonot au mashindano ya riadha, ni vigumu kupata ziara inayomfaa zaidi mtoto mwenye selimundu, ambaye kinachomdhuru ni baridi, kiu na uchovu wa kupita kiasi. Hapa mtoto hutembea polepole, husimama, na akichoka huketi. Na hivyo ndivyo picha zinavyotakiwa kutazamwa, hata na mtu mwenye afya tele.

Mwaka uliofuata mama yule alirudi na karatasi nyingine. Mara hii nilimwambia, "Mama, ataenda, na mimi nitaenda naye." Nilifunga kliniki nusu siku. Tuliondoka asubuhi, tukapita Waiyaki Way na msongamano wake wa magari, na watoto wawili wakatapika kabla hatujafika Westlands. Mwalimu aliyetuongoza alikuwa mtu wa busara. Aliwagawa watoto katika vikundi vidogo, akawakataza kunakili maandishi ya ukutani, kisha akawasimamisha mbele ya kinyago kimoja cha mbao na kuwauliza maswali matatu tu: Hapa kuna jambo gani? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Kuna nini kingine?

Maswali ya namna hiyo yana asili yake. Yanatokana na kazi ya Wamarekani wawili, Abigail Housen na Philip Yenawine, waliochunguza jinsi watu wanavyotazama sanaa. Ubora wake ni kwamba hayamtaki mtoto akumbuke jina la msanii wala mwaka. Yanamtaka atumie macho yake, kisha atoe ushahidi wa anachokisema.

Msichana wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Huyu anaumwa lakini hataki watu wajue." Mwalimu akamuuliza ameona nini. Akajibu, "Macho ameyafumba nusu, na mdomo ameukaza. Mtu asiyeumwa hakazi mdomo hivyo."

Nilikuwa nimemtibu mtoto huyo tangu akiwa mdogo. Kila nilipomuuliza anahisi nini, alisema "naumwa" na kumgeukia mama yake amalizie. Sikuwa nimejua kwamba ana maneno hayo ndani yake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kazi ya daktari wa watoto huwa ngumu kwa sababu mgonjwa wetu hajui kueleza. Tunamuuliza mtoto, anajibu mama. Tunauliza maumivu ni ya namna gani, tunaambiwa ni "ya kawaida". Mtoto aliyezoezwa kutazama kitu kwa makini, akasema anachokiona na kwa nini anasema hivyo, amepata chombo cha kumsaidia hata atakapokuwa amelala kitandani hospitalini. Sidai kwamba kinyago humponya mtu. Nasema kwamba mtoto mgonjwa anahitaji chombo hiki kuliko wenzake wote, na ndiye tunayemnyima.

Hata madaktari wenyewe wamegundua manufaa haya. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wanafunzi wa udaktari walipelekwa kwenye jumba la sanaa wajifunze kueleza kila walichokiona kwenye picha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2001 yalionyesha kwamba waliozoezwa hivyo walikuwa hodari zaidi kuliko wenzao katika kutambua dalili kwenye picha za wagonjwa. Na mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaonyesha kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na kuwasaidia wanaougua.

Kuhusu ziara za shule zenyewe, kuna utafiti mkubwa uliofanyiwa jimbo la Arkansas, Marekani, baada ya jumba la sanaa la Crystal Bridges kufunguliwa mwaka wa 2011. Maombi ya shule yalikuwa mengi kuliko nafasi, hivyo ikapigwa kura. Karibu wanafunzi 11,000 kutoka shule 123 walihojiwa, waliokwenda na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Waliotembelea jumba hilo, kwa muda wa nusu siku tu, walikuwa bora zaidi katika kuichambua picha ambayo hawakuwahi kuiona. Na waliofaidika zaidi ni watoto wa mashambani na wa shule za maskini. Nami nawaza juu ya watoto wetu wa Kangemi na Kawangware, ambao wako karibu kilomita kumi tu kutoka Kenyatta Avenue lakini wengi wao hawajawahi kuingia jengo hilo.

Najua mwalimu atanijibu: "Daktari, mtoto akizidiwa mikononi mwangu, nani atalaumiwa?" Ni swali la haki, wala silipuuzi. Mwalimu mwenye watoto hamsini na basi moja hawezi kuwa muuguzi pia. Lakini dawa ya hofu hiyo ni maelezo. Barua ya daktari isiseme iwapo mtoto ataenda. Iseme ataenda vipi. Basi, mzazi, unapokuja kwangu au kwa daktari wako, omba barua yenye mambo haya.

Kwa mtoto mwenye selimundu: anywe maji mara kwa mara tangu nyumbani, awe na sweta hata kama jua linawaka, na aruhusiwe kuketi anapochoka. Akipata homa, maumivu makali au shida ya kupumua, apelekwe hospitali mara moja, isingojewe jioni.

Kwa mwenye pumu: inhela yake iwe mfukoni mwake au mkononi mwa mwalimu, si kwenye mkoba uliofungiwa ndani ya basi. Barua ieleze atavuta mara ngapi, na kwamba asipopata nafuu apelekwe hospitali bila kukawia.

Kwa mwenye kifafa: asikose dawa yake ya asubuhi. Akianguka, mlaze kwa ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimkandamize, wala usimtie kijiko au kitu chochote mdomoni. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, tafuta gari la kwenda hospitali. Na uwaambie wanafunzi wenzake mapema kwamba kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kumgusa.

Kwa watoto wote: wapate kiamsha kinywa, waende msalani kabla ya kuondoka na tena wakifika, na anayetapika garini aketi mbele karibu na dirisha lililo wazi. Mwalimu awe na nambari ya simu ya kila mzazi. Ikiwezekana, kila mtu mzima asimamie watoto kumi wala si thelathini. Hapo ndipo wazazi tunapotakiwa kujitolea kuandamana nao.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja zaidi. Msiifanye ziara iwe mbio. Nimewaona watoto wakivutwa kama mifugo katika Makavazi ya Kitaifa kule Museum Hill, wakipita vyumba vyote kwa saa moja ili wawahi kuona nyoka. Nyoka nao wana faida yao, lakini kazi tatu au nne za sanaa zikitazamwa vizuri zinatosha asubuhi nzima. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, unamtaka mtoto atende na aeleze, asikariri tu. Basi na tuutumie.

Msichana yule sasa yuko sekondari ya msingi. Maumivu yake bado humjia, hasa majira ya baridi ya Julai. Lakini siku hizi akiingia kliniki mama yake hukaa kimya. Yeye mwenyewe huniambia ni mfupa upi, yalianza saa ngapi, na kwamba safari hii ni kama mtu anayekaza waya kidogo kidogo. Maelezo hayo hunisaidia kuchagua dawa, na kujua ni lini ni lazima alazwe.

Wahenga walisema kuona ni kuamini. Mtoto mgonjwa naye ana macho. Usiniombe tena barua ya kumwacha nyumbani. Niombe ya kumpeleka, nami nitaiandika bila malipo.

Hadi wiki ijayo, nakutakia siha njema.